Nje Baba, Ndani Babu

Nilizaliwa nikiwa tayari baba wa mtoto wa miaka miwili. Cheo hicho sikukiomba, lakini nilipokipata sikukirudisha, na mpaka nafikisha miaka kumi na tisa nilikuwa nimekitumia vizuri sana.

Mambo yalikuwa hivi. Baba yangu, Mzee Onsongo, alikuwa na kaka aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka mingi, jina lake Ombati. Kaka huyo alioa mapema akamzaa Nyasani, na Nyasani akaoa akamzaa Machogu, wakati baba yangu bado anazunguka vilima vya Nyamira akitafuta mchumba wa kumfaa. Alipompata mama yangu, Drusilla, Ombati mkubwa alikuwa ameshafariki, na mimi nilipozaliwa nikapewa jina lake, maana kwetu jina la marehemu haliachwi likalala bure. Sasa piga hesabu. Mimi na Nyasani ni watoto wa ndugu wawili, na kwetu watoto wa ndugu ni ndugu, basi mtoto wa Nyasani ni mtoto wangu. Machogu alikuwa ameshaanza kuiba ndizi mbivu jikoni mimi nikiwa bado mikononi mwa mkunga, na papo hapo akafundishwa kuniita Tata, ambalo kwetu ni baba.

Nyasani aliugua akafa Machogu akiwa na miaka saba. Mama yake alikuwa ametangulia. Mtoto akalelewa na nyanya yake Bosibori, mjane wa yule Ombati ambaye jina lake ninalo mimi. Bosibori alikuwa Mkatoliki mvuta ugoro, sisi tulikuwa Wasabato tuliolima chai na tusioinywa, na boma zetu zilitenganishwa na safu moja ya migomba. Kwa ajili ya jina, Bosibori aliniita mume wangu. Aliniita hivyo njiani, sokoni, hata mlangoni mwa kanisa letu siku ya Sabato: mume wangu, sukari imekwisha, mume wangu, tangu ufe hujaniezekea paa. Nilikuwa nakasirika mpaka masikio yanawaka. Yeye alicheka tu akaendelea.

Heshima niliyonyang'anywa na Bosibori nilijilipa kwa Machogu. Alinibebea kapu langu la chai juu ya lake mpaka kituo cha kupimia. Nikiingia mahali, anainuka kitini. Alinizidi urefu kwa kichwa kizima, lakini nikikohoa ananyamaza. Tena hakuyafanya hayo kwa kuogopa wala kwa mzaha, aliyafanya kwa moyo, na hilo ndilo nililochelewa kuliona.

Mwaka wa sitini na saba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya Wakatoliki upande wa Mosocho. Akakamatwa akiruka ua kwenda kununua mandazi, akaambiwa akamlete mzazi. Machogu alitembea kutoka Mosocho mpaka kwetu, akapita mlango wa nyanya yake, akapita mlango wa baba yangu, akaja kwangu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nilivaa koti la baba, mikono yake ikanifika kwenye kucha, tukaenda. Mwalimu mkuu alinitazama muda mrefu, kisha akauliza kama tulikuja kumchezea.

Machogu akajibu, "Huyu ndiye baba yangu. Mwingine sina."

Mwalimu mkuu akatupa jembe kila mmoja. Tulipalilia kahawa ya shule mpaka jioni, baba na mwana, na mimi nilimkaripia mwanangu kila mstari. Nilikuwa na furaha wiki nzima.

Lakini ubaba si kukaripia tu, una mipaka yake. Kuna heshima tunayoiita chinsoni, na kati ya baba na mwana ndipo ilipo kali zaidi. Baba haingii nyumba anamolala mwanawe. Haoni kitanda chake. Hawavui shati mmoja mbele ya mwingine, hawaogi mtoni pamoja, hawataniani, na habari za wasichana hazipiti kati yao hata kwa mafumbo. Tangu tulipotahiriwa, mimi na Machogu tulikuwa marafiki wa kuzungumza masomo, mvua na ng'ombe. Kibanda chake cha ujana kilikuwa hatua arobaini kutoka changu, na sikuwahi kukanyaga kizingiti chake.

Basi mwaka wa sabini na moja tukapata nafasi ya Chuo Kikuu, Nairobi, sote wawili kwa pamoja. Machogu alikuwa amechelewa shule miaka miwili akichunga ng'ombe wa nyanya yake, ndiyo maana baba na mwana wakawa darasa moja. Vilima vyote vilisikia. Tukaletewa fomu za makazi, kwa sababu mwanafunzi mpya alitakiwa kulala bwenini, ndani ya chuo, asilale mjini. Baba yangu alikuwa na imani mbili kubwa maishani: kurudi kwa Bwana, na kwamba serikali haisomi mwandiko wa mkono. Akatuchukua mpaka Kisii mjini kwa Obura, karani wa barua aliyekaa na taipureta yake kwenye baraza ya duka la vitambaa. Obura alikuwa mtu wa kando ya ziwa, shati jeupe siku zote, na vidole vyake vilikimbia kuliko macho yetu.

Fomu iliuliza kama mwanafunzi ana mwenzake ambaye angependa wawekwe pamoja. Baba akasema tuwekwe pamoja, kila mmoja amlinde mwenzake, maana Nairobi ina baa nyingi kuliko makanisa. Obura akauliza hawa vijana ni nani kwa nani. Baba akasema ni watoto wa boma moja. Obura akapiga chapa "ndugu", na hakuna aliyemzuia.

Utaniuliza kwa nini. Kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa ameshalijenga lile bweni kichwani mwake. Baba aliliona kama boma la mtu mkubwa, limezungushiwa ua, na ndani yake nyumba za vijana zimetawanyika, kila aliyetahiriwa na nyumba yake na mlango wake. Kumlaza mtu mzima chumba kimoja na mtu mzima mwenzake, hilo lingefanywa na watu maskini au na jela. Mimi na Machogu tulikuwa tumelala miaka katika mabweni ya shule, yeye ya Wakatoliki na mimi ya Wasabato, vitanda arobaini kwa safu, na hata sisi tulidhani kwamba elimu ikizidi watu hutenganishwa. Msomi mzima, anayejua kuandika jina lake kwa Kilatini, alale akisikia mwingine akikoroma?

Barua ya majibu ilifika mwezi wa nane. Mama akachinja jogoo. Tukakaa uani, na Machogu akaisoma akitafsiri polepole ili wazee wapate. Chumba nambari mia tatu na kumi na mbili, ghorofa ya tatu. Kila mmoja aje na shuka mbili na taulo. Chumba kina vitanda viwili, meza mbili, kabati moja. Hapo sauti yake ikapungua.

Mama akauliza kile kitanda cha pili ni cha mgeni au vipi.

Machogu alitazama chini. Akasema, "Ni vyetu. Chumba ni kimoja. Mimi na Tata."

Baba aliliweka paja la kuku kwenye sahani, na yule jogoo akaliwa na watoto wa jirani.

Siku iliyofuata tulirudi kwa Obura. Aliandika barua nzuri ajabu kuomba mmoja wetu ahamishwe, na ndani yake alieleza kwamba wale ndugu si ndugu, ni baba na mwana, ila mwana ndiye mkubwa. Sijui huko Nairobi waliisoma wakicheka au wakilia. Jibu lilikuja baada ya siku kumi na mbili, mistari minne tu. Vyumba vimejaa. Hakuna kubadilishana mwaka wa kwanza. Asiyetaka chumba alichopewa arudishe barua, nafasi atapewa mwingine, na asiye na chumba hataandikishwa mwaka huu.

Obura alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati.

"Mzee, hata kwetu hiyo maneno ya baba na kijana iko," akamwambia baba. "Lakini chumba ni moja. Sasa mmoja abaki."

Tulirudi kwa miguu mpaka tukafika kwenye migomba. Hapo Machogu akasema yeye ndiye atakayebaki. Mwana humpisha baba, akasema, ndivyo ilivyo. Atakwenda soko la Daraja Mbili kuuza ndizi pamoja na akina mama, mwakani aombe tena, na wasipomkubali, basi, ndizi nazo zinalisha watu. Alisema hivyo kama vile alivyozoea kuinuka kitini nikiingia. Na mimi, hapa ndipo aibu yangu ilipo, nilikaa kwenye kile kiti. Nilikohoa. Nikasema tutaona.

Nilijua alishapoteza miaka miwili machungani. Nilijua kuliko mtu yeyote ni nani kati yetu aliyekuwa na kichwa cha hesabu. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa na barua mfukoni, na kupishwa kulikuwa kumeniingia mwilini kama tabia ya kula. Jioni ile mama yangu alikuja kibandani kwangu, akasimama nje karibu na mlango, akakuta napanga vitabu sandukuni.

"Ombati," akasema, "umekaa kwenye kiti cha yule mtoto miaka yote hii. Bado hakijakuchoma?"

Akaondoka. Vitabu nikavitoa sandukuni, nikavirudisha, nikavitoa tena. Asubuhi nilikwenda kwa baba nikamwambia kama Machogu haendi, mimi pia siendi, kwa hiyo tutafute njia au tukauze ndizi sote wawili. Nilitaraji asifu ukarimu wangu. Yeye alisema tu kwamba nimechelewa, yeye ameshaanza kutafuta tangu alfajiri, na nimshikie kamba.

Alikuwa uani na vigingi vinne. Alikuwa amemuuliza Obura chumba cha chuo kina ukubwa gani, Obura akakisia, na sasa baba alikuwa akikipima kile chumba juu ya nyasi, futi kumi na mbili kwa kumi. Akatandika mikeka miwili. Katikati akatundika blanketi kwenye kamba, kila upande uwe nyumba yake. Mimi na Machogu tukaamriwa tulale, saa sita ya mchana, jua la utosi, na kuku wakipita juu ya miguu yetu kama wapangaji wa chumba cha tatu.

"Unamwona?" baba akauliza.

Nikasema simwoni.

"Unamsikia?"

Nikasema simsikii. Papo hapo Machogu akapiga chafya iliyoangusha blanketi.

Blanketi likarudishwa na kufungwa vizuri. Baba akazunguka kigingi kwa kigingi, ameridhika, mpaka mama aliyekuwa akipepeta wimbi kando akauliza mlango uko wapi. Baba akaonyesha. Mama akasema huo ni mmoja. Nyumba ni mlango, akasema, kama mlango ni mmoja nyumba ni moja, hata utundike mablanketi ya duka zima. Baba akafikiri, akasema basi mmoja atapita mlangoni na mwingine atapita dirishani. Machogu, akiwa bado amelala kwa adabu, akamkumbusha kwamba ni ghorofa ya tatu. Baba akauliza ghorofa ya tatu ni juu kiasi gani. Machogu akamwonyesha mkaratusi wa jirani. Baba akautazama ule mti tangu shina mpaka kileleni, kisha akakaa chini kando ya kigingi.

Wakati huo ndipo Bosibori alipotokea kwenye migomba, anamfuata kuku wake. Alimkuta mjukuu wake kalala huku, mimi nimelala kule, na mzee mzima ameshika kichwa. Akauliza ni nani aliyekufa. Baba akamweleza yote tangu mwanzo, fomu, Obura, vitanda viwili, mlango. Bosibori alisikiliza akivuta ugoro wake pole pole, akapiga chafya mbili kwa raha, akaja akasimama juu ya mkeka wangu.

"Huyu aliyelala hapa ni nani?"

Baba akasema ni Ombati.

"Ombati ni mume wangu. Miaka kumi na tisa nawaambia, mnanicheka. Na yule kule ni mwana wa Nyasani, na Nyasani nilimzaa na Ombati. Sasa tangu lini mjukuu akakatazwa kulala nyumbani kwa babu yake?"

Ni kweli, na kila mtu aliijua kweli hiyo tangu utoto, ila hakuna aliyekuwa ameinama kuiokota. Kwetu chinsoni iko kati ya baba na mwana. Kati ya babu na mjukuu hakuna aibu yoyote, wanalala nyumba moja, wanaota moto mmoja, wanataniana mpaka wapita njia wanaziba masikio. Kwa damu nilikuwa baba. Kwa jina nilikuwa babu. Baba yangu alipiga goti kwa kiganja, akasimama, akaanza kung'oa vigingi huku akisema kwamba kaka yake siku zote alikuwa na akili, hata alipokufa alijua anachofanya. Mama akacheka mpaka wimbi likamwagika.

Mimi sikucheka. Niliona mara moja bei ya kile chumba. Baba huheshimiwa, lakini babu ni mtu wa kuchezewa ndevu. Hatainuliwa kiti. Hatabebewa kapu. Mjukuu atamwambia amezeeka, ananuka moshi, hana meno, na dawa ya hayo yote ni kucheka. Bosibori, mama wa fitina, aliliona hilo usoni mwangu, akamwamuru Machogu anitukane kidogo tu pale pale, tuone kama inafanya kazi. Machogu akaketi. Akafungua mdomo. Akasema, "Sokoro," ambalo kwetu ni babu, "sikio lako..." na hapo akakwama, akafunga mdomo. Tukangoja hilo sikio lifanywe nini. Hakusema. Nikaona kwamba yeye pia hakuwa akicheka.

Alimgeukia nyanya yake. "Babu nimempata," akasema. "Na baba nitampata wapi?"

Sikutegemea neno hilo. Nilikuwa nimeshughulika na kiti changu na kapu langu, na kumbe mwenzangu alikuwa akihesabu kwamba leo, uani, mbele ya kuku, anafiwa na baba mara ya pili. Nilitaka kukohoa, nikaogopa atanyamaza.

Bosibori alifunga kikopo chake cha ugoro, akakitia kwenye nguo.

"Mmesema mlango ni mmoja," akasema. "Mlango mmoja una pande mbili. Nje ya mlango ni baba yako, umwamkie na umbebee mzigo. Ukishavuka kizingiti ni babu yako, umfanye utakavyo. Ukimtaka baba, mtoe nje."

Mwezi wa tisa tulishuka Nairobi na masanduku mawili. Machogu aliyabeba yote, maana tulikuwa nje. Mlangoni mwa bweni alikaa mtunzaji wake, mzee wa miwani iliyofungwa kwa uzi, na mbele yake rundo la kadi za sheria za bweni: usilete pombe, usilete mwanamke, usipike chumbani. Zetu zilikuja nyumbani pamoja na barua ya chumba, na kila kadi ilihitaji sahihi ya mzazi. Yangu baba alikuwa ameitia sahihi nyumbani, kwa herufi kubwa, akikaza ulimi kati ya meno. Ya Machogu ilikuwa tupu. Baba alipotaka kuitia sahihi, Machogu alikataa kwa adabu, akasema itatiwa huko huko. Sasa akaiweka juu ya meza, akaandika jina la mzazi, akaisogeza.

Yule mzee akasoma. "Ombati Onsongo. Huyu mzazi wako yuko wapi?"

"Huyu hapa," akasema Machogu.

Mzee akanitazama, akaitazama kadi yangu. "Na utakayekaa naye chumbani?"

"Huyu huyu. Lakini huko ndani si baba, ni babu."

Mzee akavua miwani. Nyuma yetu foleni ilikuwa imeanza kunong'ona. Nilidhani atatufukuza, na tungekuwa tumekuja bure na shuka zetu nne. Ila nadhani naye alitoka mahali fulani, na mahali hapo palikuwa na wazee. Aliivaa tena ile miwani, akanisogezea kalamu, akaniambia nisome kwanza, kwa sababu mwanangu akivunja sheria nitaitwa mimi. Nikasoma sheria zote. Nikamgeukia Machogu, nikamuuliza mbele ya foleni kama amezisikia zile habari za pombe na wanawake, akasema, ndiyo, Tata. Nikatia sahihi. Ile sahihi mpaka leo siwezi kuirudia.

Tukapanda ghorofa tatu. Mlangoni pa mia tatu na kumi na mbili aliweka masanduku chini, akanipa ufunguo kwa mikono miwili. Nikafungua, na mguu ukakataa. Nilikuwa sijawahi kuingia mahali mtu huyu atakapolala, na chinsoni haikuwa imesoma barua ya Nairobi. Machogu alinipita akaingia kwanza. Alisimama katikati ya chumba akivitazama vitanda viwili, kabati, dirisha.

"Sokoro, ingia," akasema. "Cha karibu na mlango ni chako. Kibofu cha mzee hakina subira."

Nilikasirika kwa muda ule ule ambao mtu anahitaji ili aanze kucheka. Nikaingia. Nilipovua shati akazihesabu mbavu zangu kwa sauti, akasema ndiyo maana nyanya huniomba sukari tu, nyama aliona sina. Wiki haikwisha, nikawa nimejua kwamba ule utaratibu wote wa miaka, ule ukimya, ile "ndiyo, Tata", vilikuwa vimeficha mtu mwenye ulimi mkali kuliko wote waliowahi kuzaliwa Nyamira. Aliniibia sabuni, akanifichia kiatu, akawaambia wanafunzi wengine kwamba nilikufa mwaka wa arobaini na nane na nimerudi kwa sababu ya deni la sukari. Nami nikamlipa kadiri nilivyoweza. Sikuwahi kujua kuwa nilikuwa na rafiki wa namna hiyo hatua arobaini kutoka kitandani kwangu.

Na alipomhitaji baba, aligonga mlango. Aligonga kutoka ndani, mara tatu, na mimi nikajua. Ninaweka kalamu, navaa shati, tunatoka kwenye ujia, anaufunga mlango nyuma yetu, kisha anasimama wima na kuniambia jambo lake. Mara moja ilikuwa mtihani alioanguka. Mara moja ilikuwa siku ile ile ya mwaka aliyokufa Nyasani, tukasimama tu. Wenzetu walipita na mabeseni yao wakidhani tumefungiwa nje.

Mwaka wa pili akampenda msichana wa Kenyenya, mwalimu, jina lake Bitutu. Babu alijua kila kitu. Alijua anavyocheka, anavyotembea, alijua mambo ambayo siyaandiki hapa, na barua sita kati ya zile zilizokwenda Kenyenya zina maneno yangu ndani yake, yale mazuri. Nilimtania miezi mitano bila kupumzika. Nikamwambia msichana akimwona mchana atarudi kwao.

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana nilimwona anafunga vifungo vya shati mpaka shingoni. Akavaa viatu. Akagonga mlango, mara tatu. Nikavaa shati nikatoka, tayari nina mzaha mdomoni, nikaukuta uso wake, nikaumeza.

"Tata," akasema, "kuna msichana Kenyenya. Naomba uniendee kwao."

Nikamuuliza ni binti wa nani. Akanieleza yote upya tangu mwanzo, jina lake, ukoo wake, kanisa lake, kazi yake, kama mtu anayemweleza mgeni, na mimi nikasikiliza kila neno kana kwamba sijawahi kulisikia. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na sikujua hata mtu huvaa nini akienda kumposea mwanawe. Nikamwambia nitakwenda, mimi na Mzee Onsongo, kabla ya mvua. Kisha nikamuuliza kama anaweza kuniazima koti, kwa maana langu lilikuwa limetoboka kiwiko.

Akarudi ndani akalileta. Nililivaa pale pale kwenye ujia, naye akanisaidia kola. Mikono ya koti ilinifika kwenye kucha.